Insulini ya Mama na Vijidudu Vyenye Jeni ya Mtu

Mama alijidunga sindano ya kisukari kila asubuhi kabla ya kwenda kupanga khanga zake za kuuza mezani. Tulikuwa wawili tu, tumepanga chumba kimoja Kariakoo, na friji hatukuwa nayo. Kichupa cha insulini kilikaa ndani ya kikombe chenye mfuniko, pembeni mwa mtungi wa maji, mahali penye ubaridi kuliko pote chumbani.

Siku moja jirani yetu, mwanamke mwema lakini asiyeweza kukaa na habari, akamwambia kwamba dawa ile hutolewa kwenye kongosho la nguruwe. Mama hakubishana naye. Kesho yake hakujidunga, wala kesho kutwa. Alikunywa maji mpaka mtungi ukakauka. Siku ya tatu alishindwa kuinuka mkekani.

"Mama, jidunge, nakuomba."

"Niache, mwanangu. Kwetu Lindi mnyama huyo hatumgusi hata kwa fimbo. Leo nimtie kwenye damu?"

Nilikuwa kidato cha tatu. Nilikwenda shule mbio, nikamkuta mwalimu wa baiolojia, mama mmoja wa Kilimanjaro, akifungua maabara.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo?"

Nikamweleza yote. Aliweka funguo mezani. "Si zote za nguruwe. Nyingine ni za ng'ombe, na kwenye kichupa huandikwa. Umesoma?"

Sikuwahi kusoma. Niliona haya. Lakini yeye alikwisha kuvuta jarida kutoka mkobani, macho yanamng'aa. "Halafu kuna hili, nimelisoma jana. Kuna wataalamu wamechukua jeni ya mtu, ile inayouamuru mwili utengeneze insulini, wakaipandikiza ndani ya bakteria. Unajua bakteria wanavyozaana?"

"Mmoja anajigawa wanakuwa wawili, wawili wanakuwa wanne."

"Na kila mmoja ni nakala ya yule wa kwanza, na jeni ile anayo. Wote wanatengeneza insulini ya mtu."

"Ya mtu? Bila mtu kukatwa?"

"Bila mtu, bila ng'ombe, bila nguruwe. Haijafika kwetu, lakini itafika. Nenda kwa mama yako sasa hivi!"

Nilikata uwanja wa Mnazi Mmoja mbio, viatu mkononi. Nilipofika sikusalimu hata jirani. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kikombe, nikakisogeza kichupa mlangoni penye mwanga. Maandishi yalikuwa madogo kama mayai ya sisimizi, lakini neno lilikuwapo.

"Ng'ombe, mama! Wameandika ng'ombe!"

"Wallahi?"

"Wallahi."

Akanyoosha mkono nimpe sindano. Baadaye, nguvu zilipoanza kumrudia, nilimsimulia habari ya jarida, nikipapia maneno. Niliogopa hataelewa. Alisikiliza akiwa ameegemea ukuta, kisha akacheka.

"Sasa hapo ajabu iko wapi? Sisi muhogo hatupandi mbegu. Unakata kijiti, unakichomeka, unapata muhogo ule ule. Ukiwa mtamu, shamba zima tamu."

"Ndiyo hivyo hivyo, mama! Ila wao kwanza wametia kitu cha mtu ndani ya kijiti."

Akafikiri. "Na vijidudu vyote vinafanya kazi moja?"

"Vyote."

"Kumbe navyo vimeingia kijiji cha ujamaa!"

Wiki ile kila mteja aliyeshika khanga alisimuliwa habari za vijidudu. Mama pia alikwenda msikitini kuuliza ingekuwaje kama ingekuwa ya nguruwe, akaambiwa kwamba mgonjwa asiye na dawa nyingine halaumiwi. Hakuacha sindano tena. Insulini ya vijidudu ilichelewa miaka mingi kutufikia, lakini aliiwahi, na aliitumia mpaka uzeeni.

Mimi muhula uliofuata nilihamia mchepuo wa sayansi. Katika kipindi cha kwanza mwalimu alikoroga hamira kwenye maji ya uvuguvugu, akatia tone moja chini ya hadubini. Nikainama. Niliona viduara vingi vilivyo hai, na kimoja kilikuwa kimevimba ubavuni, kinatoa kingine kilicho sawa nacho kabisa. Nikapiga kelele, darasa zima likacheka. Wenzangu walinisukuma, zamu yangu imekwisha, nami nikang'ang'ania kiti.