Zamu Aliyoomba Munyiva

Shangazi yangu Munyiva alikuwa mwenyekiti wa mwethya, kikundi cha wanawake wa kijiji chetu huko Masinga waliochimbiana matuta ya shamba kwa zamu. Hakuna aliyewahi kumkuta amelala mchana. Kwetu, mwanamke anayelala mchana ni mgonjwa au mvivu.

Lakini hata usiku hakuwa akilala. Mama mkwe wake, nyanya Syokimau, alikuwa amepoteza kumbukumbu, na kila usiku aliamka kwenda kuwafungulia mbuzi waliouzwa zamani. Munyiva alimrudisha kitandani, kisha akabaki macho akisikiliza mlango.

Mwaka 2001, nikiwa likizoni kutoka chuo kikuu, nilimsindikiza shangazi zahanati. Presha ilikuwa imepanda tena, ingawa dawa alizimeza bila kukosa.

"Unalala saa ngapi?" tabibu Laban alimwuliza.

"Nyanya akilala."

"Na nyanya analala saa ngapi?"

"Hiyo umwulize yeye."

Laban alicheka, kisha akamweleza kwamba mwili una homoni inayotuamsha asubuhi na kututia nguvu tukishtuka. Jioni inapaswa kushuka. Kwa mtu anayekatizwa usingizi kila siku huenda isishuke vizuri; presha hupanda, na usingizi wenyewe huzidi kukimbia.

"Dawa peke yake haitoshi, mama. Usipolala, presha hii inaweza kukupooza."

Wiki iliyofuata zamu ya mwethya ilimfikia. Mvua ilikuwa imebomoa matuta yake, kwa hiyo sote tulidhani tunajua atakachoomba. Alisimama mbele ya wanawake wenzake, macho chini.

"Kwangu msije na majembe. Njooni wawili wawili, mkeshe na nyanya. Mimi nataka kulala."

Walitazamana. Sijui kama mimi ningeweza kusimama pale hadi mtu aseme kitu. Yeye alisimama.

"Munyiva," Ndanu, jirani yake, akauliza, "unakoroma?"

"Sijui. Sijapata nafasi ya kujua."

Wakacheka, wakapangana. Zamu ile ilipoisha, waliendelea kuja bila kuombwa.

Laban alipompima tena, presha ilikuwa imeshuka. Mahindi ya shangazi msimu ule yalikuwa duni kuliko ya jirani yeyote, udongo ukiwa umesombwa. Aliniona nikiyatazama.

"Mahindi yatapandwa tena," alisema, akanipa jembe nimbebee. Siku hiyo tulikuwa tunachimba kwa Ndanu.