Picha Yangu, Sauti ya Nakijwa

Mama anayenyonyesha hapaswi kurusha ndala sokoni, najua. Mimi nilirusha.

Ilikuwa siku ya gulio hapa Same. Mtoto wangu wa miezi minne yuko titini, nachagua nyanya, mara spika ya duka la simu ikapiga albamu mpya ya bendi yetu. Sauti ni yangu! Niliirekodi nikiwa na mimba ya miezi minane, miguu imevimba kama mihogo. Lakini kwenye kava walilobandika mlangoni kuna picha ya binti mwingine, na jina lake.

Muuza simu ananiambia, "Dada, sikia huyu mtoto mpya anavyoimba!"

Ndala ikatua kwenye lile kava.

Msinionee huruma bado. Mimi ni mkosaji.

Bendi yetu ni ya roki, magitaa ya kukoroma, ina miaka zaidi ya ishirini na albamu sita. Wapiga dramu wamepita, waimbaji wamepita, aliyebaki tangu mwanzo ni Anko Elia peke yake. Kanuni yake ni moja: anayeondoka abebe begi lake, sauti inabaki.

Nilimfuata mazoezini, mtoto mgongoni.

"Anko, ile sauti ni ya nani?"

"Ya bendi."

"Bendi ina koo?"

Hata hakuacha kukaza nyuzi. "We mama, mbona albamu ya tano hukuuliza sauti ni ya nani?"

Wenzake wakacheka. Mmoja akadakia, "Akamuulize bibi yake!"

Nikakaza mbeleko. Jamani, mimi na mdomo wangu huu, nikaondoka zangu!

Albamu ya tano aliimba dada Nakijwa, Mpare wa Bombo. Ndiye aliyenipokea kwenye bendi, tukalala kitanda kimoja, akanifundisha Kipare neno kwa neno. Wimbo wa Kipare uliovuma humo aliutoa kwa mama yake, aliyeuimba akipandisha mizigo mlimani. Nakijwa alipopata mimba, Anko akamtoa, akaweka picha yangu kwenye kava. Nami nikakubali! Tena redioni nilipoulizwa wimbo umetoka wapi, nikajibu, "Kwa bibi yangu, kule mlimani."

Bibi yangu! Mtu aliyetoka kusini kuja kukata mkonge huku tambarare, Kipare chake kiliishia kwenye salamu!

Siku ya pili yake nikapanda Bombo. Nakijwa alikuwa shambani anapalilia tangawizi.

"Shikamoo, dada."

Hakuitikia. Akamtazama mtoto. "Na huyu ni kitukuu wa yule bibi?"

Nililia, hakunibembeleza. Alinipa makande, akanishikia mtoto ili nile. Kisha akasema taratibu, "Mama aliisikia ile redio. Akaniuliza huyo bibi ni wa ukoo gani, maana wimbo ule aliutunga yeye. Amekufa sijamjibu."

Nikaweka bakuli chini. Nikamwambia naenda kushtaki.

"Shtaki. Ila jina langu uliandike sawasawa."

Tangu siku ile situlii. Nafua nguo zilizo safi, naanza kupika nasahau kuwasha moto. Afisa utamaduni wa wilaya, niliyempelekea malalamiko, naye alinionya: "Peleka dai la albamu ya sita tu. Ukigusa ya tano unajichongea mwenyewe, hata lako watalikataa." Nikamwambia wakatae!

Nyie mnaoingia kwenye bendi, kwaya, popote: mkikaribishwa kwenye kiti ambacho bado kina joto, ulizeni kwanza nani kainuliwa. Mimi sikuuliza. Nilijua, nikakaa.

Barua yangu ya malalamiko imepokelewa na kugongwa muhuri. Inasema hivi:

"Ninaowalalamikia ni wawili. Wa kwanza ni kiongozi wa bendi, aliyefuta jina la Nakijwa kwenye albamu ya tano na langu kwenye ya sita. Wa pili ni mimi mwenyewe, niliyetangaza redioni kuwa wimbo wa mama yake Nakijwa ni wa bibi yangu. Naomba majina ya Nakijwa na mama yake yarudishwe kwanza. Langu lifuate."