Mlango wa Nyuma wa Basi la Lupepo

Asubuhi hii mvua imepumzika, na Zubery Mbwana anakata kazi yake mwenyewe. Grinda inalia. Cheche zinarukia majani ya migomba yaliyoloa na kuzimika papo hapo. Bati analolikata alilichomelea wiki iliyopita tu, akalisugua, akalipaka rangi ya kijani, akarudi kwake Ibighi, Tukuyu, akiwa ameridhika.

Anazima mashine na kupitisha kidole kwenye ungio.

"Tazama," anasema. "Kwa mvua yote ile, halikupitisha hata tone. Kazi safi. Kosa lake ni kwamba imeziba mlango wa mtu."

Ni mlango wa nyuma wa basi kuukuu, lisilo na injini wala matairi, lililokalishwa juu ya mawe katika kiwanja cha Atupakisye, mjane anayechuma chai na kulima migomba hapa Lupepo, wilayani Rungwe. Basi limegeuzwa nyumba. Mbele ni chumba cha kulala, nyuma ni jiko, na katikati kuna ukuta wa mbao.

Anayengojewa kulala humo ni Mzee Ambakisye Mwasomola, mwenye miaka themanini na mmoja, baba wa marehemu mume wa Atupakisye. Mzee anaishi peke yake Isongole, kwenye baridi, katika nyumba ya udongo ambayo ukuta wake wa nyuma ulianguka mwaka jana. Pengo limezibwa kwa turubai. Mvua kubwa za masika zinakaribia, na majirani wanasema kuta zilizobaki hazitazimaliza.

Wiki iliyopita mzee aliletwa Lupepo na godoro lake. Akaliona basi, akageuza uso, akarudi Isongole siku hiyo hiyo.

Zubery ana miaka sitini na moja. Babu yake alitoka Kilwa akiuza vitambaa, akafika Tukuyu, akaambiwa asubiri mvua ikatike ndipo aendelee na safari.

"Haijakatika mpaka leo," anasema mjukuu wake. "Ndiyo maana tupo."

Ujana wake aliumalizia katika gereji ya kuunda mabodi ya mabasi jijini Mbeya. Siku hizo basi lilifika likiwa chesesi tupu, kama mifupa ya samaki, dereva amekaa juu ya boksi na kujifunga kitambaa usoni kwa sababu ya vumbi. Mafundi walilivika kila kitu, kuanzia mbao za sakafuni mpaka keria ya mizigo.

"Tuliunda kwa mikono," anasema. "Basi likipita barabarani nilikuwa namwambia mke wangu, ribiti zile zilizoshika bati ni zangu. Ananijibu, haya, nenda kazisalimie."

Baadaye mabasi yalianza kuja yamekamilika kutoka viwandani, na gereji ikafungwa. Mabodi ya zamani yakabaki yanaoza nyuma ya vituo vya mafuta, kuku wakitaga chini ya viti. Zubery hakuweza kuyapita bila kuyatazama.

La kwanza kuligeuza lilikuwa la mkewe, Amna, aliyetaka mahali pa kukaangia maandazi bila kunyeshewa. Alimletea nusu basi. Lipo Ibighi mpaka leo. Wateja wanakaa kwenye viti vilevile vya abiria, wote wanatazama mbele, wanakunywa chai kama watu wanaokwenda mahali.

Tangu hapo ametengeneza saluni, kibanda cha kupokelea maziwa, darasa la watoto wadogo na nyumba kadhaa. Kazi moja humchukua kama mwezi na kumwachia shilingi laki sita, kisha anaweza kukaa miezi miwili bila kuitwa na mtu.

"Utajiri haupo hapa," anasema. "Ila naumia nikiona basi linauzwa kwa kilo. Kitu kimebeba watu, kimebeba maharusi, kimebeba maiti, halafu unakipima kama misumari?"

Atupakisye alimfuata mwaka huu baada ya kuuza ndama wawili na kununua bodi lililokuwa limetelekezwa mjini. Ni mwanamke mrefu, mwenye maneno machache, na mikono yake imekuwa myeusi kwa utomvu wa chai.

"Nyumba ya matofali ningeianza leo, ningeimaliza yeye hayupo," anasema.

Yeye ni nani? Katika mazungumzo yote Atupakisye hamtaji jina. Husema "mzee wa kule", au "babu yao", kwa maana ya babu wa watoto wake, ambao sasa wanafanya kazi mbali. Tangu mumewe, Lwitiko, afariki, ni yeye anayempelekea mzee chakula Isongole, na hukiacha kwa jirani.

Alimweleza fundi anachotaka: mzee alale mbele, yeye apike nyuma, joto la jiko lipite kwenye mbao limfikie. Zubery aliifanya kazi kwa moyo. Bomba la moshi alilitengeneza kwa ekzosi ya basi hilo hilo. Keria ya ndani aliiacha iwe rafu ya nguo. Mlango wa nyuma ulikuwa umeliwa na kutu, akaona utaingiza upepo, akauziba. Watu wote wangepita mlango wa mbele.

Siku ya kukabidhi, Nelson, jirani wa Isongole mwenye pikapu, alimleta mzee na kuku wake wawili. Zubery alisimama kando akingoja kusifiwa. Atupakisye alikuwa bado anafagia ndani. Aliposikia gari alitoka haraka, kwa mlango uliokuwapo, na pale mlangoni alikuwa amesimama mzee.

Alijifunika khanga usoni, akakimbilia migombani. Mzee akageukia bondeni.

"Nelson, mwanangu," akasema bila kugeuka, "washa gari."

Zubery alimwendea. "Mzee wangu, kuna kasoro gani? Rangi hukuipenda?"

"Rangi nzuri. Umefanya kazi ya mtu mwenye roho nzuri, ndaga fijo, nashukuru sana. Lakini mlango ni mmoja."

"Mlango mmoja unatunza joto, mzee."

"Ena, ni kweli. Na mke wa mwanangu atapita wapi?"

Zubery anapokumbuka swali hilo, anashika kichwa.

"Nimezaliwa hapa," anasema. "Nimekula ndizi za hapa, Kinyakyusa nakisikia. Nikafanya kazi kama mgeni aliyeshuka jana."

Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Hawapiti mlango mmoja, na mwanamke hatamki jina la mzee. Desturi hiyo huitwa ukutila, heshima iliyo karibu na hofu. Vijana wengi wa mjini wameiacha, na makanisani wakwe hukaa mabenchi ya jirani bila mtu kushangaa.

Mzee Ambakisye hajaiacha. Nyumbani kwake Isongole, turubai likipigapiga nyuma ya kiti chake, anaeleza kwa sauti ya upole.

"Yesu nilimpokea nikiwa kijana, sijamkataa. Lakini huyu mama amenitunza kama amenizaa. Nimpe nini? Ng'ombe sina. Nguvu sina. Nina heshima tu ya kumpa. Nikiivunja hiyo kwa ajili ya paa zuri, nitakuwa nimebaki na nini?"

Atupakisye naye hakumlaumu fundi hata kwa neno moja. Alipoulizwa kwa nini hakumwambia mapema, alishangaa.

"Fundi wa Tukuyu anaambiwa hilo? Si ni sawa na kumwambia asisahau paa?"

Aliyemfungua macho Zubery ni rafiki yake Wilson, konda mstaafu, ambaye kila asubuhi hukaa kiti cha mbele katika basi la maandazi la Amna. Wilson alicheka mpaka akamwaga chai.

"Kweli wewe mtu wa pwani! Kwani mlango wa nyuma ulidhani ni wa nini?"

"Wa kupandisha abiria."

"Abiria gani, bwana?"

Wilson akaanza kukumbuka.

Konda wa barabara hizi, anasema, alitakiwa kujua koo za watu kuliko kujua nauli. Mwanamke alisimama kituoni, akaona kofia ya baba mkwe dirishani, akarudi nyuma na kuliacha basi liende, hata kama hakukuwa na jingine mpaka jioni. Konda mwenye utu alishuka, akamfungulia mlango wa nyuma, akafunga khanga katikati kuwa pazia. Hakuna abiria aliyenung'unika. Walipisha, wakasogeza vikapu.

"Nilikuwa na khanga yangu ya kazi," anasema Wilson. "Mke wangu akaichoka, akanipa nyingine mpya. Akasema kama ni ya wakwe za watu, iwe nzuri."

Na basi lilikuwa na lugha yake, anaongeza. Bati likigongwa mara moja, shusha. Mara mbili, twende.

Kisha Wilson alisimulia siku moja ambayo hajaisahau. Mvua ilikuwa inamwagika. Basi lilikuwa linashuka kutoka Isongole kwenda Tukuyu, na nyuma lilijaa magunia ya viazi, mlango haufunguki. Njiani alisimama mama kijana mwenye mtoto mgonjwa mgongoni. Akaona kofia fulani kiti cha mbele, akarudi nyuma, akawapungia mkono waende.

"Nikamwita, mama, panda, mtoto anaumwa! Akajifunika uso. Nikachanganyikiwa. Mara nikasikia bati, pwa! Mwenye kofia amegonga. Akaomba njia, akateremkia mlango wa dereva, upande wa pili kabisa, ili asimkute usoni. Akasimama kwenye mvua, mgongo ametugeuzia. Mama akapanda. Nikagonga mara mbili, tukaondoka. Viazi vya yule mwenye kofia vilikwenda sokoni bila yeye."

Mwenye kofia alikuwa Ambakisye. Mama alikuwa Atupakisye. Mtoto alipona, na sasa ana watoto wake.

Je, basi la siku ile ndilo hili la Lupepo? Wilson amelizunguka na kulipapasa. Tajiri wao alikuwa nayo mawili, yote akiyaita Ndaga, na hili ni mojawapo. "Lile lenyewe au pacha wake, sijui," anasema. "Nimetafuta alama, nimeshindwa."

Atupakisye anakumbuka kidogo kuliko Wilson.

"Uso sikuuona. Kupitia dirishani niliona mgongo tu, koti limeloa," anasema, akitazama mikono yake. "Mgongo ule ulinyeshewa kwa ajili yangu. Sitaki unyeshewe tena."

Ndiyo maana asubuhi hii Zubery anakata. Bati linatoka, na jiko linapata mwanga. Esnath, jirani, ameleta ndizi za kuchoma na kubaki ashike fremu mpya isitikisike. Anaambiwa akapumzike, anakataa. Amna ametuma chupa ya chai na maandazi yaliyofungwa kwenye kitambaa. Kazi hii ya pili Zubery haitozi, na Atupakisye alipojaribu kubisha, aliambiwa abishane na mlango.

Kwenye ukuta wa mbao Zubery anatoboa kijidirisha chenye vifuniko viwili, kimoja upande wa jiko na kingine upande wa chumba. Chakula kitawekwa katikati, kifuniko cha jikoni kitafungwa, ndipo cha chumbani kifunguliwe. Nje, Atupakisye amekwisha kutandaza kokoto katika njia mbili. Moja inatoka barabarani hadi mlango wa mbele. Nyingine inatoka nyumbani kwake, inapita migombani, hadi mlango wa nyuma.

Jumamosi pikapu ya Nelson inarudi. Zubery anataka kumpa hela ya mafuta, Nelson anaukunja mkono wake.

"Safari ya kwanza haikufika, fundi. Hii ni ile ile."

"Mugonile, tata," Wilson anamsalimu mzee. Amekuja kushuhudia, amevaa koti la sherehe.

Mzee Ambakisye anaitikia, kisha anaanza kulizunguka basi taratibu kwa fimbo yake. Anafika nyuma. Anautazama mlango mpya, anaitazama njia ya kokoto inayoishia migombani. Anarudi mbele, anashika kile chuma ambacho abiria walikuwa wanakishika wakati wa kupanda, na anapanda. Kupitia dirishani anaonekana akivua kofia na kuiweka kwenye keria. Nelson anafuata na godoro.

Muda si mrefu ekzosi inaanza kutoa moshi. Nyuma kuna mtu anapika.

Zubery anakusanya vyombo vyake. Anasema kuna bodi jingine Ibighi ambalo hajalitangaza, maana anataka liwe la kwake na Amna, siku mikono yake ikichoka kushika grinda. Atalipeleka mahali ambapo barabara inaonekana. Lakini kwanza kuna wateja wawili wanaomngoja.

"Nilikuwa naanza kwa kuuliza, unataka madirisha mangapi," anasema. "Sasa naanza na, watakaa nani na nani? Wanaitanaje? Nikishajua hapo ndipo nashika futi kamba."

Anataka kuongeza neno, lakini kutoka jikoni bati linagongwa. Mara moja.

Ndani, kifuniko cha upande wa chumba kinalia kikifunguliwa, na sahani inasogezwa juu ya mbao. Matone ya kwanza ya mvua yanaanza kuanguka juu ya paa. Nelson anatazama angani, Wilson anatazama basi.

Kisha kutoka mbele, polepole, kama mtu anayekumbuka, bati linagongwa mara mbili.

"Amepanda huyo," anasema Wilson, akifuta uso kwa mkono wa koti la sherehe. "Twende."