Jiwe la Igowole Lilikwisha Kujibu

Ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka masikio yananiwaka moto. Ondoa kidole kwenye hicho kitufe, mdogo wangu, unisikilize. Najua sina mvi, nimehitimu juzi tu. Lakini hii ni mara ya nne unaipiga sampuli ileile, na katika kosa hilo mimi nimekutangulia.

Mama Tulizo wa Igowole alituletea hapa maabarani Mbeya jiwe linalopitisha mwanga. Marehemu mumewe alilichimbua kwenye shamba la viazi, akaliweka dirishani.

"Nataka nijue jina lake tu," aliniambia. "Ukimaliza unirudishie likiwa zima."

Nikaapa.

Nikaliweka kwenye mashine, nikatoa hewa, nikapiga mpigo mmoja wa elektroni, mfupi kuliko kupepesa jicho. Jiwe likawaka bluu, likafifia polepole. Jina lake limo humo, katika rangi ile na namna ya kufifia. Nikaandika. Kazi si imekwisha? Thubutu! Nikawaza: labda nimesoma vibaya. Labda mashine imekosea. Nikapiga tena. Jibu lilelile. Nikapiga, nikapiga, sasa bila hata kungoja mwanga uzimike.

Jiwe lile halipitishi umeme. Elektroni zinazoingia hunasa humo. Ukizirundikia nyingine bila kulipumzisha, zitajitobolea njia zenyewe. Kupitia kioo cha mashine nikaona cheche, kisha ufa wenye matawi kama mzizi.

Nikapanda basi kwenda Igowole. Kufika Igawa nilikuwa nimetunga maneno ya kuomba radhi mara sita, na mara sita nimeyafuta.

"Kamwene, mama," nikamsalimu kwa lugha ya kwao, nikamkabidhi jiwe, nikaanza kueleza mambo ya mipigo. Akanikatisha.

"Mara ya kwanza lilikujibu?"

"Ndiyo, mama. Linaitwa floraiti."

"Na ya pili?"

"Jibu lilelile."

"Sasa ya tatu ulikuwa unamwuliza nani?"

Akanionyesha mianzi ya kugemea pombe nyuma ya nyumba.

"Ulanzi tunagema asubuhi na jioni. Hapo katikati mwanzi tunauacha. Wewe msomi ungeukata kila ukipita, mwisho ubaki na fimbo!"

Akalipangusa jiwe kwa khanga, akalirudisha dirishani. "Floraiti," akalitamkia taratibu, kama anayemsimulia mtu. Mimi hakunitazama tena.

Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Hawakuniambia kuwa hofu nayo ni pupa. Basi nakuambia mimi: uliza mara moja kwa makini, hakikisha mara ya pili baada ya kungoja, kisha liamini jibu. Kitu ulichoazimwa si mahali pa kutulizia wasiwasi wako.

Mungu akujalie mkono mtulivu, na kila ulichokabidhiwa kirudi kwa mwenyewe kikiwa kizima. Haya, zima mashine. Sampuli hiyo nayo ina mwenyewe.