Vyumba vya Chaki

Dereva wa basi la shule alikuwa mtu mnene mwenye sauti ndogo. Kazini walimwita Taratibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumharakisha, hata mkuu wake. Jina likamfuata mpaka nyumbani. Mkewe, mshonaji wa nguo, alilitumia akikasirika. Mama yake, aliyehamia kwao goti lilipoanza kumsumbua, alilitumia akitaka kumtania.

Nyumba yao ilikaa kwenye mteremko, na chini yake kulikuwa na chumba kirefu cha zege chenye vidirisha vinavyochungulia usawa wa nyasi. Walipaita Shimoni. Kila kilichokosa pa kukaa kilishushwa huko: kitanda cha mtoto aliyeshakua, cherehani iliyokufa, baiskeli isiyo na mnyororo, makopo ya rangi iliyoganda. Juu nako watu walibanana. Mabinti wawili walilala chumba kimoja na bibi yao, ambaye akikoroma utadhani trekta linapanda mlima. Mke alishonea sebuleni, na mgeni kabla hajaketi ilibidi apapase kiti kwanza, asije akakalia pini.

Likizo ya shule ilipoanza, basi likaegeshwa, naye Taratibu akatangaza mezani, "Shimoni tunapageuza pawe pa kuishi watu."

"Baba watoto," mkewe akasema, "maneno hayo niliyasikia tulipooana."

"Safari hii ni kweli."

"Kumbe ile ilikuwa mazoezi!"

Wakacheka. Taratibu naye akacheka, ila hakusema kilichomsukuma. Alizaliwa katika lundo la ndugu, akatoka hapo akaingia bweni, akatoka bwenini akaingia kwenye ndoa, na kutwa nzima watoto wa watu walipiga kelele nyuma ya kisogo chake. Maishani hakuwahi kuwa na mlango wa kwake. Alitaka kachumba, kiti, na kimya. Basi.

Kaka wa mkewe alikuwa fundi mwashi, wakamwita aje kutazama. Akapapasa kuta, akanusa pembeni kama anayenusa maziwa, akatikisa kichwa. "Shemeji, hapa panatoa jasho. Usinunue hata msumari kabla ya mvua. Kwanza tuone maji yanaingilia wapi."

"Na tukae tu tukiisubiri?"

"Pangeni. Kupanga hakulowi."

Wakatoa makorokoro yote, wakafagia mpaka wakapiga chafya kwa zamu. Mke akaleta chaki yake ya kushonea. "Mimi sikati kitambaa bila kuchora," alisema, akapiga magoti kuchora vyumba sakafuni, na mapengo mahali pa milango. Chumba cha kushonea kikawekwa dirishani, cha mabinti katikati. Taratibu akachukua chaki, akachora kisanduku kidogo mwisho kabisa.

"Hicho nacho?" mkewe akauliza.

"Stoo."

"Stoo yenye kiti?" Maana alikuwa ameshakiweka.

Hapo mama yake Taratibu akashuka ngazi polepole, ameshika bega la mjukuu. Akafika kwenye mstari, akasimama. "Hodi!"

"Mama, hakuna ukuta hapo."

"Ukuta hakuna, na adabu hakuna?"

Wakamkaribisha kwa vifijo. Akaingia chumba cha kushonea, akatoka upande wa pili moja kwa moja. Mjukuu mdogo akapiga kelele, "Bibi amepita ukutani!"

"Umri wangu huu, napita ninapotaka."

Taratibu akaona huo ndio wakati. Akaketi kwenye kiti chake, akatangaza kwamba amefunga mlango. Nao wakamheshimu kweli. Mabinti wakauzunguka mstari kwa kunyata. Mke akapita na futi ya kupimia bila kumtazama. Mara wote wakakusanyika chumba cha kushonea, mama yake akanong'ona kitu, wakaangua kicheko mpaka mke akajifuta machozi. Taratibu akatega sikio, asiambulie neno. Akavumilia. Wakacheka tena.

"Mnacheka nini?"

"Nani anasema huko?" mama yake akauliza hewani. "Mlango si umefungwa?"

"Nimefungua!"

"Mbona haukulia?"

Akainuka, akaufuta mstari kwa kiatu, akawafuata. Baadaye, wawili tu wameketi ngazini, akamweleza mkewe yote: ndugu, bweni, basi. Mke hakucheka. "Mwanamume mzima unaficha kiti! Si ungesema? Pembe yako utaipata. Lakini nitakushonea pazia. Mlango hutauweza."

Mvua ilipokuja, ilikuja ya haja. Maji yakapenya chini ya kidirisha cha upande wa juu, yakakifuta chumba cha mabinti chote. Shemeji akaja amelowa chapachapa, anafurahi kama aliyempata mwizi wake. "Ndiyo hapo! Tuchimbe mtaro nje, tuzibe ufa, tupige plasta isiyopitisha maji." Kisha akagonga ukuta wa mwisho, ule wa upande wa chini wa mteremko. "Na huku nje ardhi iko sawa na sakafu. Nikiweka boriti juu, hapa patakaa mlango na dirisha kubwa."

Mama yake Taratibu, aliyekuwa akisikiliza kutoka juu, akaita, "Mlango usio na ngazi?"

"Bila hata kidato, mama."

"Basi mabinti wabaki juu. Huko nahamia mimi. Nikorome nipendavyo!"

Ikawa hivyo. Mtaro ukachimbwa, ufa ukazibwa, mlango ukatobolewa. Ilipita mvua nyingine na kuta zikabaki kavu. Mke akapata dirisha lake, na mume pembe yake yenye pazia la maua makubwa, ambalo hakulichagua yeye.

Siku ya kuhama, kitanda cha mama kikaingizwa kwa mlango wa nje, na jua likaingia nacho mpaka katikati ya chumba. Akawafukuza wote apange nguo zake mwenyewe. Walipokuwa wakinywa chai juani, wakamsikia akifungua mlango, akiufunga, na kuufungua tena. Kisha akatoa kichwa.

"Taratibu, mwanangu! Niletee kiti nje. Nataka kuketi mlangoni kwangu."

Taratibu akaweka kikombe chini, akaenda mbio.