Breki Iliyokosa Pumzi

Nililala usiku ule mikono ikinuka petroli, roho imejaa majivuno. Pikapu ya mdogo wangu Hamza, kuukuu kutushinda sote wawili, ilikuwa imewaka. Manifoldi yake, lile bomba lenye matawi linalogawa hewa kwenye injini, ilikuwa imepasuka, nami nikafunga nyingine niliyoing'oa kwenye gari bovu. Alfajiri Hamza angempeleka mama hospitali, kushuka kona zote za Lushoto mpaka Mombo.

Nikaota niko gereji kwa babu. Babu Saidi, baba yake mama, ndiye aliyenifundisha ufundi, na tulishamzika. Gereji haina paa, mvua inanyesha, wala hatulowi. Babu amevaa ovaroli safi, na hilo likanitia hofu, maana katika uhai wake sikumwona nayo safi hata siku moja.

"Shikamoo babu."

Haitikii. Babu huyuhuyu aliyeniita mke wake tangu nabebwa mgongoni, akinitania hadi nalia, ananitazama kama mtu asiyenijua. Niliumia.

Mara tumo ndani ya pikapu, yeye kwenye usukani, na barabara inateremka. Mama yuko nyuma, amekaa juu ya magunia ya kabichi, anachambua maharage kana kwamba yuko jikoni kwake. Kona inakuja. Babu anakanyaga breki na mguu wake hauzami. Anakanyaga kwa miguu yote miwili, mishipa ya shingo imemtoka, na gari linazidi kukimbia.

"Babu, mama yuko nyuma!"

"Namwona," anasema taratibu. "Ni mwanangu."

Kona haikufika. Tumesimama uani kwetu, boneti iko wazi. Babu anakishika kidole changu, anakipeleka kwenye mdomo wa mpira mmoja mnene. Ndani nagusa chuma, baridi.

"Breki nayo inavuta pumzi, mke wangu," anasema. "Umeiziba pua."

Kisha anaondoka kwa miguu kuelekea kwenye ukungu. Namwita. Hageuki.

Niliamka shuka limelowa jasho, na hapo ndipo nilipokumbuka. Ile manifoldi niliyofunga haikuwa na tundu la mpira wa breki, ule unaovutwa hewa na injini ili breki ikanyagike kwa wepesi. Nilikuwa nimeuchomeka bolti mpira ule vumbi lisiingie, nikisema nitautafutia njia baadaye. Injini ilipoitika, nikafunga boneti kwa furaha, na gari lenyewe sikulitoa hata getini.

Nje, Hamza alikuwa ameshaliwasha.

Nikatoka mbio, miguu mitupu, nikasimama mbele ya taa na kuweka mikono yote juu ya boneti.

"Dada, una nini? Tunachelewa."

"Zima."

"Mama anatakiwa afike mapema."

"Hamza, zima gari. Halina breki."

Akazima. Mama alikuwa amejifunga kanga mbili kwa baridi. Alinitazama usoni muda mrefu, akafungua mlango na kuteremka polepole, akishikilia kiuno.

"Umemwota baba," alisema.

Nikatikisa kichwa kukubali.

Hakuuliza gari lina nini, wala hospitali tutafika saa ngapi. Alinisogelea, akanifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Na yeye," akauliza, "hajambo?"