Dizeli ya Kupeleka Hidrojeni Mombasa

Asuman Bwambale alimzika mkewe Fatumah pale Bwera siku ya Jumatatu. Jumamosi alikuwa nyuma ya usukani tena, anavuta trela kutoka Kasese kwenda Mombasa. Watu walisema ana roho ngumu. Yeye aliutafuta huo ugumu ndani yake, hakukuta kitu.

Safari hiyo haikuwa ya kahawa wala saruji. Kampuni moja ilitaka kutengeneza gesi ya hidrojeni kwa umeme wa mito ya mlimani, kisha iiuze bandarini. Kabla ya kujenga, injinia wao, Edisa, alitaka kujua gharama ya njia na moshi wake. Alimpakilia Asuman mitungi mitupu ya chuma, tani thelathini, akampa daftari.

"Andika kila lita, mzee. Usinifiche."

Aliandika. Alipofika mji wa Lyantonde, baada ya sala ya alasiri, kidole chake kilipiga namba ya Fatumah kwa mazoea. Simu ya marehemu ikalia ndani ya mfuko wa nguo nyuma ya kiti. Aliiacha ilie mpaka ikanyamaza. Kisha akaandika: lita mia na arobaini.

Siku ya kumi na nne ya safari alirudi Kasese. Edisa alipiga hesabu mbele yake.

"Kwenda na kurudi, lita elfu moja na mia tatu. Mitungi ikijaa inabeba gesi kilo mia tatu tu. Gari yako inachoma nguvu mingi kuliko ile inabeba! Na moshi inapita tani tatu."

"Basi kazi iko ya bure."

"Tukigeuza gesi ikuwe amonia, safari moja inabeba kama mara kumi. Lakini kuigeuza, halafu kuirudisha ikuwe hidrojeni tena, inakula umeme sana." Alifuta macho. Miaka miwili ya kazi yake ilikuwa imeishia hapo. "Wewe hata hausikitiki, mzee?"

"Bibi yangu alikufa, karibu wiki tatu sasa. Hata yeye sijamulilia."

Edisa alifunga kompyuta polepole. "Na mimi nikakutuma!"

"Nilitaka kutumwa."

Kampuni iliacha mpango wa Mombasa. Asuman alipanda boda mpaka nyumbani Bwera. Jirani yake Consolée, mkimbizi wa Butembo kule Kongo, alikuwa amefagia ua na kumpikia sombe, mboga ya majani ya muhogo.

"Papa Asuman, kula. Chumvi iko?"

"Iko," alisema. Alikuwa hajaonja bado.